Mzigo Umefika Umevunjika: Hasara Ni ya Nani?

Yeyote anayesimama kwa nusu saa mbele ya dirisha la mizigo katika stendi ya Moshi, hasa jioni mabasi ya Dar es Salaam yanapoingia, atasikia ubishi uleule ukirudiwa kwa sauti tofauti. Mtu amenunua bidhaa kwa simu kutoka duka la Kariakoo ambalo hajawahi kulitia mguu, amelipa kwa lipa namba, ametumiwa picha ya risiti ya basi, na sasa ameshika boksi linalolia kama kayamba. Muuzaji akipigiwa anasema mzigo ulitoka dukani ukiwa mzima. Karani wa mizigo anasema basi halifungui maboksi ya watu. Mnunuzi anabaki katikati, huku wapita njia wakimpa ushauri unaopingana: mmoja anamwambia asisaini, wa pili anamwambia apige huduma kwa wateja wa mtandao wa simu arudishiwe pesa yake, na wa tatu anamwambia mali ikishauzwa hairudishwi, akubali yaishe.

Mkanganyiko huu unatokana na swali lenyewe kuulizwa vibaya. Watu huuliza nani amevunja, na swali hilo aghalabu halina jibu, kwa kuwa hakuna shahidi aliyesafiri ndani ya buti la basi kutoka Mbezi hadi Moshi. Swali linalojibika ni hili: ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuifungasha bidhaa ili ihimili safari ya kawaida, na je, aliutimiza wajibu huo? Likiulizwa hivyo, ubishi mwingi wa dirishani huisha wenyewe, kwa sababu jibu huwa limelala ndani ya boksi, na mnunuzi analishika mkononi bila kujua.

Kabla ya kwenda mbali, maneno matatu yawekwe sawa. Ufungashaji ni kila kinachofanywa ili bidhaa isafiri salama: boksi, vitu vya kujazia, selotepu, maelekezo yaliyoandikwa juu. Kukiviringisha kitu katika gazeti na kukitumbukiza katika mfuko wa salfeti nako ni ufungashaji, ila ni mbovu. Msafirishaji ni yule anayepokea mzigo kwa ujira ili aufikishe, awe kampuni ya basi, kampuni ya vifurushi, Shirika la Posta, au kijana wa bodaboda anayemalizia safari kutoka stendi hadi Soweto au Pasua. Dhima ni jukumu la kubeba hasara. Nayo haimwangukii daima yule aliyekuwa amekishika kitu kilipovunjika.

Anayelielewa trei la mayai ameshaielewa nusu ya elimu ya ufungashaji. Mayai 30 husafiri juu ya pikipiki katika barabara ya vumbi yenye mashimo, na hufika. Hufika si kwa sababu trei ni gumu, kwani trei ni karatasi iliyosagwa na kukaushwa, na mtoto anaweza kulichana kwa vidole. Yanafika kwa sababu kila yai lina kikao chake, haligusani na jirani yake wala halina nafasi ya kucheza. Mayai hayohayo yakitiwa katika sanduku la chuma tupu, liwe imara kiasi gani, yatafika yakiwa rojo. Wauzaji wengi hununua sanduku wakadhani wamefungasha.

Hesabu yake si ngumu. Kitu kikianguka kutoka urefu wa mita moja, yaani kutoka mikononi mwa mpakuaji aliyesimama, hufika chini kikiwa na mwendo wa takribani kilomita 16 kwa saa. Kinachoamua kama kitapona ni umbali kinaopewa wa kusimamia. Kikisimamishwa ndani ya milimita 5, kama inavyokuwa pale kadibodi nyembamba inapokutana na sakafu ya saruji, kani inayokikumba ni kama mara 200 ya uzito wake. Kikipewa sentimita 5 za kitu laini kinachobonyea, kani hiyo hushuka hadi kama mara 20. Anguko ni lilelile, mpakuaji ni yuleyule, ila kimoja kimeangukia sakafu na kingine godoro. Kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba mzigo uliangushwa huenda anasema kweli na bado asijinasue, maana kuangushwa kutoka mikononi ni sehemu ya safari ya kawaida, kama matuta ya barabarani.

Kuanguka si adui pekee. Mzigo hutikiswa kwa zaidi ya kilomita 500, na mtikiso wa saa nyingi hulegeza skrubu na kusagisha vitu vinavyogusana. Hubanwa pia, kwa kuwa ndani ya buti boksi la vikombe linaweza kulazwa chini ya gunia la nazi. Boksi la kadibodi hubeba uzito kwa kuta zake, na zaidi kwa pembe zake nne zilizosimama. Likilowa, nguvu hiyo hunywea, na masika yanapokolea mwezi wa Aprili mvua inaweza kulilowesha kati ya buti na dirisha tu. Kuna na jambo ambalo wauzaji wa pwani hawalifikirii kabisa, nalo ni mwinuko. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Hewa iliyonaswa ndani ya chupa iliyofungwa Kariakoo husukuma kutoka ndani, na kizibo kilicholegea huvujisha. Ndiyo maana pakiti za krispi katika maduka ya Arusha huonekana zimevimba kama puto, na ndiyo maana losheni hufika ikiwa nusu chupani na nusu boksini ilhali hakuna aliyeiangusha.

Haya sikuyajua siku niliyoagiza jiko la gesi la plati mbili lenye uso wa kioo. Kioo cha namna hiyo huimarishwa kwa joto kali: ukikigonga katikati kwa sufuria hakijali, lakini kingo zake ni dhaifu, na pigo dogo kwenye kona hukipasua chote kwa mara moja, kikawa punje kama za mahindi. Karani alinisukumia daftari akasema, “Mama, saini hapo, nyuma kuna foleni.” Nikasaini. Nilipolinyanyua boksi nikasikia chakacha, na sikuhitaji kuambiwa. Nilifungua palepale juu ya benchi, binti yangu akirekodi kwa simu. Kona tatu za jiko zilikuwa na povu jeupe la kiwandani. Kona ya nne haikuwa nalo. Pengine lilitolewa dukani jiko lilipokuwa likioneshwa wateja, na mahali pake palikuwa pamejazwa ukurasa mmoja wa gazeti la michezo, umekunjwa mara mbili. Nikampigia muuzaji. “Dada yangu,” akasema kwa upole kabisa, “mimi nimetoa mzigo mzima. Hayo muulize mwenye basi.”

Hapa ni lazima tumtendee haki muuzaji, kwa kuwa ana nusu ya ukweli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inasema kwamba dhima hufuata umiliki isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vinginevyo, na kwamba muuzaji anapoidhinishwa kutuma bidhaa, kumkabidhi msafirishaji huhesabiwa kwa kawaida kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Kwa maneno mengine, basi linapotoka Mbezi, jiko lililomo linaweza kuwa limekwisha kuwa langu, na ajali ya njiani ikawa yangu pia. Wengi hawalijui hilo, na wakilijua hukata tamaa mapema mno.

Nusu ya pili ni kwamba sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji aandae usafirishaji unaofaa kulingana na aina ya bidhaa, na asipofanya hivyo na bidhaa ikaharibika, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kwamba alikabidhiwa pale kwenye basi. Tena bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara inapaswa kuwa ya ubora unaouzika, na jiko lisiloweza kuhimili safari ya kawaida kwa sababu ya jinsi lilivyofungwa lina kasoro ambayo lilitoka nayo dukani. Fikiria mtu aliyenunua ng'ombe kwenye mnada wa Meserani, akakubaliana na muuzaji kwamba ng'ombe aletwe na mchungaji. Ng'ombe akipigwa radi njiani, mnunuzi ana msiba. Lakini ng'ombe akipotea kwa kuwa muuzaji alimfunga kwa kamba iliyooza, hakuna mzee wa boma atakayemsikiliza muuzaji huyo akijitetea kwamba ng'ombe alitoka mnadani akiwa mzima. Kona ya nne ya jiko langu ilikuwa kamba iliyooza.

Je, saini yangu ilikuwa imeniponza? Watu wengi huamini kwamba aliyesaini amekubali, na imani hiyo inatokana na kuchanganya kupokea na kukubali. Desturi zetu zinaijua tofauti hiyo vizuri kuliko tunavyofikiri. Washenga wanapoleta barua ya posa, baba huipokea, huwakaribisha wageni, na pengine huwapa soda. Hakuna anayedai kwamba binti ameshaolewa. Barua hukaa, familia huisoma na kushauriana, na jibu huja baadaye. Katika mauzo nako, mnunuzi ambaye hajapata kuiona bidhaa hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apewe nafasi ya kutosha ya kuikagua. Daftari la karani linathibitisha kwamba boksi limetoka mikononi mwake, basi. Hata hivyo nafasi hiyo si ya milele. Barua ya posa isiyojibiwa kwa miezi sita nayo huanza kutafsiriwa, na mnunuzi anayekaa na bidhaa mbovu muda mrefu bila kusema neno, au anayeanza kuitumia, huhesabiwa kuwa ameridhika. Aliyefungua boksi Jumatatu aseme Jumatatu.

Kuhusu kibao cha “mali ikishauzwa hairudishwi”, kinaweza kumzuia aliyenunua sufuria nyekundu akaamka asubuhi akitamani ya bluu, lakini hakigeuzi kioo kilichopasuka kuwa kizima. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu haki zake, na binafsi naona vibao hivi vimewafanya watu wengi wameze hasara isiyokuwa yao. Kuhusu kurudishiwa pesa na kampuni ya simu, huduma ya kurejesha muamala iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Kampuni ya simu haiamui kesi za majiko. Na kuhusu lebo yenye picha ya glasi na mishale miwili inayoelekea juu, hizo ni alama zinazotambulika duniani kote na ni vizuri ziwepo, ila lebo ni ombi kwa mpakiaji. Haina sentimita hata moja ya kitu kinachobonyea.

Imani iliyo na madhara zaidi ni kwamba boksi likiwa halina mkwaruzo, kilichomo ni salama. Kinyume chake ndicho kinachompa mnunuzi nguvu. Boksi lililopondeka, lililotoboka au lililolowa linaelekeza kidole kwa msafirishaji, kwa maana lilikutana na jambo lisilo la kawaida. Boksi lililo safi nje na lenye kitu kilichovunjika ndani linaelekeza kidole kwa aliyefungasha, kwa kuwa safari haikuliacha na jeraha lolote na bado kilichomo hakikuhimili. Mnunuzi anayelichana boksi kwa hasira na kulitupa jalalani anakuwa amemtupa shahidi wake mkuu. Mimi nusura nifanye hivyo, maana mtoto wa jirani alikuwa ameshaliomba kwa ajili ya vifaranga.

Basi dakika kumi za kwanza mbele ya dirisha ndizo zenye thamani. Boksi lipigwe picha pande zote sita likiwa bado limefungwa, lebo ya basi na namba ya risiti vikionekana. Litikiswe kidogo na kusikilizwa. Likisikika, au likionekana limepondeka, ni vyema liandikwe hivyo katika daftari la karani kabla ya saini, kwa maneno machache tu: “Boksi limebonyea upande wa kulia, linalia ndani.” Karani anaweza kununa, lakini kalamu iko mkononi mwa mnunuzi. Kisha lifunguliwe huku mtu mwingine akirekodi video moja isiyokatwa, kuanzia selotepu ikiwa nzima hadi bidhaa inapotoka, na kamera isikimbilie kilichovunjika. Ishughulike zaidi na kilichopaswa kukilinda. Picha ya kioo kilichopasuka inaonesha hasara, lakini picha ya ukurasa wa gazeti mahali pa povu inaonesha sababu. Muuzaji wangu alibisha kuhusu ile ya kwanza kwa siku mbili nzima. Ya pili hakuibishia.

Madai yatumwe kwa maandishi hata kama yamekwisha kusemwa kwa simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, picha na maelezo una uzito ambao simu ya dakika ishirini yenye makelele haina. Ujumbe mzuri ni mfupi na hauna matusi: unataja kilichonunuliwa na siku kilipolipiwa, unaeleza kilivyofika, unaonesha kasoro ya ufungashaji, na unasema mnunuzi anataka nini. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mtu huandika aya tatu za uchungu bila kusema kama anataka kubadilishiwa, kurudishiwa pesa, au kubaki na bidhaa kwa bei iliyopunguzwa, na muuzaji hupata mwanya wa kujibu “pole sana” na kunyamaza. Kupunguziwa bei kusidharauliwe. Kwa kabati lililokwaruzika upande unaoelekea ukutani, ndiyo njia ya haraka na yenye amani.

Inapokuwa wazi kwamba kosa ni la msafirishaji, mambo hugeuka kidogo, kwa sababu risiti nyingi za mizigo zina maneno madogo nyuma yanayopunguza wajibu wa kampuni, hasa pale thamani ya mzigo isipotajwa wakati wa kuutuma. Ndiyo sababu mnunuzi anapaswa kumwomba muuzaji aandikishe thamani halisi, wala si kuandika “vyombo” na kusonga mbele ili nauli ipungue. Usafirishaji wa vifurushi ni huduma inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya kanda ya kaskazini jijini Arusha, na malalamiko yaliyoshindikana kwa kampuni yanaweza kufikishwa huko. Dhidi ya muuzaji mkaidi iko Tume ya Ushindani, na deni litokanalo na mkataba linaweza kudaiwa hata katika Mahakama ya Mwanzo. Sijawahi kufika huko, na kwa jiko la plati mbili ningefikiri mara mbili, lakini kupataja kwa adabu mahali pa kwenda katika ujumbe wa pili huwa kunaleta majibu ambayo ujumbe wa kwanza haukuleta.

Kilicho rahisi zaidi hufanyika kabla ya pesa kutoka. Swali “mnafungashaje?” linastahili kuulizwa pamoja na swali la bei, na picha ya mzigo kabla selotepu haijabandikwa ni ombi ambalo muuzaji makini hatalikataa. Kwa kitu cha kioo, shilingi chache za fremu ya mbao au vipande vya godoro ni nafuu kuliko ubishi. Wanaoagiza kutoka China kupitia mawakala wa kukusanya mizigo wawe waangalifu zaidi: mizigo ya meli hutozwa kwa ujazo, na wakala anaweza kuyatoa maboksi ya kiwandani ili kupunguza nafasi, kwa nia njema kabisa, na kumwachia mteja bidhaa iliyovuliwa nguo kabla ya safari ya bahari.

Muuzaji wangu alikubali kuleta jiko jingine, na nauli akalipa yeye. Lilifika likiwa na vipande vya godoro kwenye kona zote nne, vimekatwa kwa kisu butu lakini vimekaa barabara. Palibaki jambo moja la kubishania, yaani nani agharimie kulirudisha lile lililovunjika. Alitaka niligharimie mimi. Nikamwandikia kwamba mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa, na muuzaji aje aichukue. Halikumfurahisha, ila halikuwa geni kwake pia, nadhani. Jiko lilikaa stoo kwangu wiki tatu, ndani ya boksi lake lenye pengo kwenye kona ya nne, hadi alipomtuma kijana wa stendi kuchukua vichomeo na bomba ili avitumie kama vipuri. Boksi hakulitaka. Siku hiyo ndipo lilipokwenda kwa vifaranga.